Faili la Fundi Rangi

Baba Mapacha alikuwa fundi rangi. Asubuhi ile aliondoka nyumbani akiimba, na kuimba hakukuwa fani yake.

"Ukiimba hivyo rangi itabanduka ukutani!" mkewe alimtania. Mama Mapacha alikuwa fundi cherehani, na kazi yake aliifanyia pale pale barazani.

"Ikibanduka nitaipaka tena. Ndiyo kazi hiyo!" alijibu mumewe, akaenda zake.

Kabla ya adhuhuri simu ililia. Baba Mapacha alikuwa amepelekwa hospitali. Mkewe alimkuta kwenye benchi, kichwa amekishika kwa mikono miwili.

"Kimeanza ghafla," alisema kwa shida. "Kama nimepigwa nyundo."

Alikuwa ametapika mara mbili. Mwanga ulimuumiza macho. Shingo ilikuwa ngumu, hata kuinama hawezi. Muuguzi alimpima, akaandika, akawapeleka kwa daktari. Daktari hakumgusa mgonjwa. Aliandika huku ameinamia karatasi.

"Ni uchovu na harufu ya rangi. Ameze dawa za maumivu, apumzike."

"Lakini daktari, mume wangu si mtu wa kulalamika kichwa. Na shingo yake..."

"Mama, daktari hapa ni nani? Mimi au wewe?"

Mama Mapacha akanywea. Wakarudi nyumbani.

Siku ya tatu, wakinywa chai, kikombe kilimponyoka mumewe. Mdomo ukaenda upande. Maneno yakatoka yamevurugika. Wakamkimbiza hospitali kubwa, akapigwa picha ya kichwa.

"Mshipa umepasuka na damu imevuja kwenye ubongo," daktari bingwa alieleza. "Dalili za siku ile ya kwanza zilikuwa za hatari. Alistahili kupigwa picha siku ile ile."

Walimpasua. Alipona, lakini mkono wa kulia, mkono wa brashi, ulilegea. Maneno yakawa yanatoka moja moja.

Shemeji yake Mama Mapacha alipandwa na hasira. "Twende tukavunje vioo vya hospitali ile!"

Mama Mapacha yeye alijilaumu. "Mimi ndiye niliyenyamaza," alisema, akalia.

Jirani yao aliwasikia, akaingia. Alikuwa muuguzi mstaafu, na sasa ni msaidizi wa sheria. Mtaani walimwita Bibi Sindano.

"Wewe baba, ukivunja kioo, kesho mshtakiwa ni wewe," alimwambia shemeji. Kisha akamgeukia Mama Mapacha. "Na wewe mwanangu, ulisema. Hukusikilizwa. Hilo si kosa lako."

"Sasa tufanye nini, bibi?"

"Kwanza elewa jambo moja. Si kila anayeumia hospitali amefanyiwa uzembe. Magonjwa mengine humshinda hata daktari hodari. Uzembe ni daktari kuacha kufanya jambo ambalo mwenzake makini angelifanya, na mgonjwa akaumia kwa sababu hiyo. Ukidai, lazima uyathibitishe yote mawili."

"Nitathibitishaje? Mimi najua sindano na uzi tu."

"Kwa karatasi. Omba nakala ya faili la mumeo kwa barua. Nakala ya barua yako igongwe muhuri, ubaki nayo. Halafu andika kila unachokumbuka, siku, saa na maneno. Usitie chumvi hata chembe. Na usichelewe. Sheria ina muda wake. Ukipita, hakuna atakayekusikiliza."

Mama Mapacha alichukua karatasi ya kukatia mitindo ya magauni, akaandika mpaka kalamu ikagoma.

Kwenye hospitali ile ya kwanza, karani wa mafaili alitikisa kichwa. "Faili halionekani, mama. Pita wiki ijayo."

Alipita. Bado halikuonekana. Safari hii hakunywea.

"Basi niandikie hapa kwamba limepotea, utie sahihi na muhuri."

Karani alijikuna kisogo. Kesho yake faili likaonekana.

Bibi Sindano alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Muuguzi alikuwa ameandika: *Kichwa kimeanza ghafla. Shingo ngumu. Presha iko juu sana.* Chini yake daktari aliandika neno moja tu: *Uchovu.*

Daktari bingwa mwingine alilisoma faili, akaandika maoni yake. Wakili wa msaada wa kisheria akapeleka madai. Mwanzoni hospitali ilikana. Ilipouona mstari ule, ilikubali kikao cha usuluhishi.

Kikaoni daktari alikuwepo. Alikuwa amekonda.

"Siku ile niliona wagonjwa wengi mno," alisema. "Lakini huo si utetezi. Muuguzi aliandika, nami sikusoma. Naomba mnisamehe."

Baba Mapacha alijikaza kusema. "Nimepanda ngazi... miaka ishirini. Sijaanguka. Nimeangukia... kwenye kiti chako."

Daktari alifuta macho.

Hospitali ilikubali kulipa fidia na gharama za mazoezi ya viungo. Ikaweka pia kanuni: mgonjwa wa kichwa kilichoanza ghafla haruhusiwi kwenda nyumbani kabla daktari wa pili hajampima. Mkono wa Baba Mapacha haukurudi kama zamani. Lakini alianza kusimamia mafundi wenzake, akichanganya rangi kwa mkono wa kushoto na kuwakosoa kwa maneno machache. Wenyewe walisema machache hayo yanawatosha kabisa.

Miezi ikapita. Siku moja mteja alikuja kupimwa gauni. Alikuwa na haraka.

"Nimemwacha dada amelala. Kichwa kimemshika ghafla, anatapika."

Mama Mapacha akaweka mkasi chini. "Shingo inapinda?"

"Anasema haipindi."

"Gauni litangoja. Twende tukamchukue."

Hospitali alisimama mbele ya meza ya daktari wa zamu. "Kimeanza ghafla, anatapika, na shingo ni ngumu. Tunaomba apigwe picha ya kichwa. Na tafadhali andika kwenye faili kwamba tumeomba."

Daktari alimtazama, kisha akainuka na kumshika mgonjwa shingo.

Picha ilionyesha damu kwenye ubongo, na jioni ile ile dada yule alipasuliwa. Baada ya wiki tatu alitoka hospitali akitembea mwenyewe, mfuko wake wa nguo ameubeba kwa mkono wa kulia.