Ukurasa wa Mama Gumato

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Gumato alimfunga punda mitungi minne na kwenda naye kisimani. Aliporudi alichemsha maziwa ya mbuzi, akayapoza, kisha akamnywesha mdogo wake Dida kwa kijiko huku Akko, bibi yao, akimpakata. Dida alikuwa na miezi mitatu. Zamani kazi zote za nyumbani zilikuwa za mama, lakini mama alifariki siku ileile Dida alipozaliwa.

Waliishi Daka Dima, kijiji cha wafugaji mbele kidogo ya Kulamawe. Kijiji kilikuwa na shule, maduka matatu na zahanati ndogo yenye muuguzi mmoja tu. Muuguzi huyo akienda Isiolo mjini kuchukua dawa au kuhudhuria mafunzo, mlango ulifungwa kwa kufuli, wakati mwingine kwa siku tatu.

Jumamosi moja Fosia alifika kwao. Fosia alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea. Alitembea nyumba kwa nyumba akiwapima watoto na kuwakumbusha akina mama siku za kliniki.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, Shangazi. Karibu," alijibu Gumato, akamtandikia mkeka.

Fosia alimgeukia Molu, baba yake Gumato. "Baba Gumato, kaunti imetangaza kikao mjini. Wananchi wataulizwa wanataka nini katika mpango wa afya. Sisi kila siku tunalalamika kisimani na matangani, lakini hakuna anayeandika. Sasa tumejitolea watu tisa. Tutapita kwa kila aliyepata shida zahanati ikiwa imefungwa, tuandike ni nani, siku gani na saa ngapi. Wengi wetu kuandika kunatushinda. Nimekuja kumwomba Gumato atusaidie."

Molu alimtazama binti yake. Tangu msiba alikuwa mtu wa maneno machache.

"Aende," alisema. "Na ya mama yake ayaandike yeye mwenyewe."

Kwa wiki nne, kila Jumamosi na Jumapili, Gumato alitembea na Fosia akiwa na daftari lake. Aliandika habari za mzee aliyeumwa na nyoka akapelekwa mjini kwa bodaboda, akakatwa mguu. Aliandika habari za mwanamke aliyejifungua barazani pa zahanati, watu wakimkinga kwa leso. Wengine waliwafukuza. "Wengine walishatuandika mwaka juzi! Kumebadilika nini?" alifoka mwenye duka mmoja. Mama mmoja aliyefiwa na mtoto kwa kuharisha hakuweza kusema neno. Waliketi naye tu mpaka jua likapinda, naye akawapa chai. Walirudi kwake wiki iliyofuata ndipo akasema.

Daftari lilijaa, lakini ukurasa wa mama ulibaki mtupu. Siku tatu kabla ya kikao, Gumato aliuandika kwa haraka na kumpa Fosia. Fosia alisoma polepole, kidole chake kikifuata maneno. "Akko aliponituma kumwita Shangazi Fosia, nilikimbia moja kwa moja bila kusimama..."

Gumato alianza kulia.

"Nini, mwanangu?"

"Si kweli, Shangazi. Sikukimbia moja kwa moja. Njiani nilikuta wenzangu wanaruka kamba, wakaniita. Akko aliniambia tu, 'Kamwite Fosia.' Sikujua mama anavuja damu. Nilicheza karibu nusu saa. Mimi ndiye niliyemuua mama."

Fosia alimvuta karibu, naye pia akalia. Walipotulia alisema, "Sitakudanganya kwamba nusu saa si kitu. Lakini mimi nilikuwepo. Tulimfikisha mama yako zahanati saa saba mchana. Tukakuta kufuli. Nilipiga simu, nikaambiwa ambulensi haina mafuta. Mama yako alikata roho saa kumi na mbili jioni, mlango haujafunguliwa. Wewe ulikuwa mtoto aliyetumwa bila kuelezwa. Hukumuua mama yako. Nenda ukamwambie baba yako, kisha uandike upya."

Jioni hiyo Gumato alimfuata baba yake zizini na kumweleza yote. Molu aliacha kumfunga ndama, akasimama akitazama chini.

"Nilijua siku zake zimekaribia," alisema, "lakini nikaenda malishoni. Nilifikiri nitarudi kabla hajajifungua. Kila siku ninajiuliza kwa nini nilienda." Aliweka mkono juu ya kichwa cha binti yake. Gumato hakuwa amewahi kumwona baba yake akilia. "Andika yote. Na yangu pia."

Siku ya kikao ukumbi wa Isiolo ulijaa. Fosia, aliyefuatana na Gumato, aliwasilisha daftari lenye visa arobaini na saba. Ofisa mmoja wa afya aliyekuwa mezani alilipekua kidogo, kisha akasema, "Poleni. Lakini tuseme ukweli. Watu wa vijijini huchelewa sana kuwaleta wagonjwa, halafu lawama hutujia sisi."

Watu walinung'unika. Fosia alimtazama Gumato, naye akasimama na ukurasa wake. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi ukumbi unyamaze ili usikie.

"Ni kweli tulichelewa," alisoma. "Nilitumwa kuita msaada, nikacheza nusu saa. Baba yangu alikuwa malishoni, na alijua siku za mama zimekaribia. Saa saba tulifika zahanati. Tulimlaza mama mlangoni mpaka saa kumi na mbili jioni, akafa hapo. Hizo ni saa tano." Aliinua macho. "Mheshimiwa, ile nusu saa ni yetu. Je, zile saa tano ni za nani?"

Ofisa alivua miwani yake, akaomba aachiwe daftari alisome lote.

Hakuna kilichobadilika wiki ile, wala mwezi ule. Fosia na wenzake walirudi mjini mara tatu, wakiketi kwenye mabenchi ya ofisi tangu asubuhi. Wawili walichoka wakajitoa, lakini wengine wanne wakajiunga. Baada ya miezi tisa muuguzi wa pili aliletwa Daka Dima, na chumba cha kujifungulia kikaanza kuwa wazi usiku na mchana.

Siku muuguzi huyo alipofika, wanawake walipiga vigelegele. Gumato alisimama nyuma yao, Dida akiwa mgongoni, machozi yakimtiririka. Fosia alimwona, akamwendea.

"Wanafurahi," alisema Gumato, "na mimi siwezi."

"Si lazima ufurahi leo. Hata mimi nimemkumbuka," alisema Fosia. "Lakini nisikilize. Tungenyamaza, kufuli lingekuwa pale hadi sasa. Na tungeficha kosa letu, wangeshika hilohilo na kutupuuza. Anayetaka haki ya watu lazima aanze kusema ukweli, hata ule unaomuumiza yeye mwenyewe. Na asichoke kurudi. Ukiwa mkubwa, usisahau."

Gumato alifuta machozi, akaingia ndani na kupanga foleni. Zamu yake ilipofika, muuguzi mpya alimpokea Dida, akamweka kwenye mizani, akafungua kadi.

"Mama yake yuko wapi?" aliuliza.

"Alifariki," alijibu Gumato. "Nimemleta mimi."

Muuguzi alimtazama kidogo, akavuta kiti. "Basi keti hapa, dada yake," alisema. "Nikueleze anavyoendelea."