Kufuli la Pili

Haya alinisimulia rafiki yangu Davron, fundi umeme wa kiwanda cha pamba huko Namangan, na mpaka leo akiyasimulia hanitazami usoni.

Yeye na Shuhrat waliajiriwa siku moja. Shuhrat akapandishwa kuwa fundi mkuu, Davron akabaki kumbebea mkoba. Kijicho kikamtafuna mpaka chai ikawa chungu mdomoni.

Asubuhi hiyo walikuwa wakipima swichi kuu, ile inayokata umeme wa kiwanda kizima. Desturi yao ni kwamba anayeingia chumba cha nyaya hutundika kufuli lenye jina lake kwenye mkono wa swichi, na umeme hauwashwi mpaka alifungue mwenyewe.

"Shika mkoba, kaka, na chai yangu isipoe," Shuhrat akatania. Akakata umeme, akatundika kufuli lake, akaingia gizani.

Lakini hakulibana. Davron aliliona likining'inia wazi, akalichomoa. Akasikiliza. Hakusikia ila nyayo za Shuhrat zikienda mbali, na tochi ikigonga bomba. Akaushika mkono wa swichi, akausukuma ili umeme uwake.

Haukwenda.

Kufuli jingine lilikuwa limeubana, limefungwa barabara. Lilikuwa na jina la Davron, kwa mwandiko wake mwenyewe. Akajipapasa mfukoni: kufuli lake lilikuwemo.

Ndipo Shuhrat akafoka kutoka ndani: "Davron, umeingia saa ngapi wewe? Acha kunipumulia kisogoni!"