Mzee Taa na Hatua ya Nane

Kila alipotoka shuleni, Shamima alipitia buchani kwa baba yake kabla ya kuingia nyumbani. Bucha ya Abdilatif ilikuwa mtaa wa Majengo, mjini Meru, na nyumba yao ilikuwa papo hapo nyuma yake. Alimwamkia Baba, akamwamkia Njue, aliyekuwa amefanya kazi nao kwa miaka minane, kisha akanywa chai kwenye meza ndogo ya chumba cha ndani. Juu ya meza hiyo palikaa kompyuta ya zamani ambayo herufi zake zilikuwa zimefutika kwa mafuta ya vidole.

Baada ya sala ya Alasiri, wateja wakipungua, Baba alivua aproni, akavaa miwani na kuketi mbele ya kompyuta hiyo. Mtu asiyemjua angedhani anatafuta bei ya ng'ombe. Kumbe alikuwa akimpandisha Mzee Taa mlimani.

Mzee Taa alikuwa kijitu kifupi chenye taa mkononi, katika mchezo wa video wa miaka ya tisini. Wakati huo Baba na ndugu yake mdogo, Yusuf, walikuwa na mashine iliyochomekwa kwenye televisheni, na mchezo wenyewe ulikuwa ndani ya kaseti ya plastiki. Kaseti ikigoma, waliichomoa, wakaipuliza kwa mdomo na kuirudisha. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani, kwa hiyo hawakujua jina la mchezo. Mzee Taa ni jina walilompa wao. Kanuni yao ilikuwa moja tu: ukifa, unapisha.

Mlima ulikuwa na hatua tisa. Mashine ile haikujua kuhifadhi chochote, hivyo kila siku walianza chini kabisa. Likizo moja ya Desemba walifika hatua ya nane kwa mara ya kwanza. Hapo umeme ukapotea. Uliporudi, ulirudi kwa nguvu, mashine ikafuka moshi na kufa. Hawakupata nyingine. Tangu siku hiyo mpaka wakaota mvi, ndugu hao wawili walibishana kuhusu kilichoko kileleni. Baba alisema ni nyumba, Ami Yusuf akashikilia kwamba ni joka.

Mwaka huu Baba aligundua tovuti inayoiga mashine hizo za kale, ambapo michezo mamia hufunguka mumo humo katika kivinjari, programu ya kufungulia mtandao. Kwa kuwa hakujua jina, aliifungua mmoja baada ya mwingine jioni nyingi. Siku aliposikia muziki wa Mzee Taa, alimpigia Ami Yusuf aliyekuwa akifanya kazi Kiambere, akaisogeza simu karibu na kompyuta. Shamima alimwona Baba akijifuta macho, akidai ni kitunguu, na bucha haiuzi vitunguu.

Tovuti hiyo iliweza kuhifadhi. Kwa wiki tatu Baba alipanda kidogo kidogo hadi mwisho wa hatua ya saba, akasimama hapo kumngoja ndugu yake. Jumamosi Ami Yusuf angekuja kuaga, na Jumapili angesafiri kwenda Qatar kwa mkataba wa miaka miwili. Hatua ya nane wangeicheza pamoja.

Shamima naye alikuwa amenogewa na michezo hiyo. Lakini alama zake za Hisabati zilishuka, na mama yake, Bi Zuleka, akampiga marufuku kucheza siku za shule. Shuleni, rafiki yake Mwendwa akamfundisha ujanja.

"Ukimaliza kucheza, futa histori yote," Mwendwa alimwambia. "Weka tiki kila mahali. Hakuna mtu atajua."

Jumatano Baba alipokwenda msikitini na Njue akiwa nje na mteja, Shamima alicheza mchezo wa magari kwa robo saa. Kisha akaingia kwenye mipangilio, akaweka tiki kila mahali kama alivyofundishwa, akabonyeza kufuta. Akanywa chai yake kwa raha ya mtu aliyefagia nyayo zake. Hakujua kwamba safari ya Mzee Taa haikuwa imehifadhiwa kwingine ila ndani ya kivinjari kile kile. Alifagia nyayo zake pamoja na za baba yake.

Baba aliporudi na kufungua mchezo, Mzee Taa alikuwa amesimama chini ya mlima, hatua ya kwanza. Baba alifunga, akafungua tena. Alizima kompyuta, akaiwasha. Kisha akatoka mbele ya bucha uso umemsawijika. Mtu mwingine aliyeitumia kompyuta siku hiyo alikuwa Njue, ambaye kila adhuhuri alisomea humo kozi yake ya afya ya mifugo.

"Mimi sijafuta kitu, bosi," Njue alisema. "Mimi huingia hapo kwa masomo tu."

"Basi ni jini amefuta?" Baba aliuliza. "Kuanzia leo usiiguse kompyuta yangu."

Mzee Gitobu, mteja wao wa siku zote, alikuwa hapo akingoja mbavu zake, na wanawake wawili nyuma yake. Wote walisikia. Njue aliinamisha kichwa na kuendelea kukata. Shamima alikuwa mlangoni, kikombe mkononi, na ulimi wake ukawa mzito kama mfupa wa paja.

Alhamisi Njue hakuketi kula nao. Ijumaa asubuhi Shamima alimsikia akimweleza Bi Zuleka kwa upole kwamba mtihani wa kozi yake ulikuwa wiki mbili mbele, na kwa kuwa hapa hana tena pa kusomea, mwisho wa mwezi angerudi kwao Kiritiri akatafute njia nyingine. Bi Zuleka alimsihi angoje azungumze na mumewe. Njue alitikisa kichwa. Alisema shida si kompyuta. Shida ni kuitwa mwongo mbele ya watu.

Siku hiyo Shamima hakuelewa hata somo moja. Alimkumbuka Njue akimfundisha kuendesha baiskeli, akimshikia kiti mpaka akajua. Alimwogopa Baba, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini kumwona Njue akifunga virago kwa kosa lake kulimtisha zaidi.

Baba aliporudi kutoka sala ya Alasiri, alimkuta amesimama kando ya meza.

"Baba, ni mimi nilifuta," Shamima alisema. "Nilicheza, nikaficha. Anko Njue hajui lolote."

Akaeleza yote, tiki kwa tiki, huku machozi yakimtoka. Baba akamshika mkono, akatoka naye mbele ya bucha. Mzee Gitobu hakuwepo, kwa hiyo Baba alimtuma mtu akamwite dukani kwake, na Njue akaambiwa aweke kisu chini.

"Juzi nilimwita Njue mwongo mbele yako, mzee," Baba alisema. "Nilikosea. Hasira ilinitangulia. Njue, nisamehe ndugu yangu. Kompyuta ni yako kama ilivyo yangu."

Shamima naye aliomba msamaha, kwa sauti ndogo lakini kila mtu aliisikia. Njue alimtazama, akapangusa mikono, akasema yamekwisha. Jioni hiyo alifungua tena masomo yake, na habari za Kiritiri hazikusikika tena. Shamima alipigwa marufuku kugusa mchezo wowote kwa mwezi mzima, na hakulalamika.

Jumamosi Ami Yusuf aliposimuliwa, Shamima alitazama sakafu. Ami alicheka hadi akashika mbavu.

"Kwani zamani tulihifadhi wapi?" alimuuliza kaka yake. "Ulikuwa unapanda peke yako, mimi nije kuona mwisho tu. Anza chini, bwana. Na ukifa, unapisha."

Walianza saa saba. Vidole vyao vilikumbuka mambo ambayo vichwa vilikuwa vimeyasahau: pango la siri la hatua ya tatu, popo wa hatua ya tano. Walisukumana mabega na kulaumiana kwa Kimeru kama watoto. Njue aliitwa acheze, akafa mara nne kwenye daraja lile lile, na Bi Zuleka akamkosoa kwa vidokezo visivyosaidia. Ilipofika jioni walikuwa wamemaliza hatua ya saba, na gari la Ami lilikuwa likimngoja.

Ami Yusuf aliweka mkono juu ya mkono wa kaka yake. "Acha hapo," alisema. "Tukimaliza leo, nitarudi kumaliza nini?"

Baba aliondoa mkono kwenye kompyuta, akamgeukia binti yake.

"Mchezo ukifutika, mwanangu, watu huketi wakaanza upya, na unaona leo tumefurahi. Jina la mtu ukilifuta haliwi hivyo. Njue angeondoka hapa na aibu isiyo yake, na hakuna mahali pa kubonyeza jina lake limrudie. Ukikosa, sema mapema, kabla mwingine hajalipia."

Akaisukuma kompyuta mbele yake, mbele ya Njue na Ami Yusuf.

"Haya. Hifadhi wewe."

Shamima alipangusa kidole kwenye sketi, akahifadhi.