Piano ya Wazee Wateule

Geum-suk alikuwa muuza tofu katika soko la mji wa Jeongeup, Korea. Kila siku alisaga soya, akachemsha maziwa yake, akayagandisha, akakata vipande vyeupe. Mumewe, Jong-tae, alivipeleka madukani kwa gari. Kazi hiyo waliifanya miaka ishirini, na mikono ya Geum-suk ilikuwa myekundu kwa maji ya moto.

Nyumba yao haikuwa ya kulipia kodi kila mwezi. Walikuwa wameweka amana kubwa kwa mwenye nyumba. Kila baada ya miaka miwili mkataba uliisha, na mwenye nyumba akaipandisha amana. Safari hii alitaka waongeze milioni kumi na tano za won. Mwisho ulikuwa wiki mbili zijazo. Wasipolipa, watoke. Geum-suk hakuwa na wasiwasi. Pesa hizo walikuwa nazo benki, zimekusanywa tofu kwa tofu.

Jumapili hiyo alikaa kanisani, akafungua karatasi ya matangazo. Mwezi uliopita Jong-tae alikuwa amechaguliwa kuwa mzee wa kanisa, yeye na wenzake wawili. Bado kuwekwa wakfu tu. Geum-suk alitaka kuona jina la mumewe limeandikwaje. Akasoma: "Wazee wateule watatu wametoa piano mpya kubwa. Kila mmoja milioni kumi na tano."

Akasoma tena. Herufi zilikuwa zilezile.

Mzee mpya kutoa kitu kikubwa ni desturi. Haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua. Mwingine alitoa basi, mwingine alitoa viyoyozi. Geum-suk alidhani mumewe atatoa viti kumi tu. Sasa watu walikuwa wanageuka kumpongeza. "Mama Mi-ran, hongera! Mmebarikiwa!" Akatabasamu mpaka mashavu yakauma. Pesa ya nyumba. Ameichukua pesa ya nyumba, na mimi naambiwa na karatasi.

Baada ya ibada watu walikula pamoja ukumbini, wali na supu, kama kila Jumapili. Geum-suk alikwenda jikoni kuosha vyombo. Aliviosha kwa kishindo. Karibu yake alisimama jirani yake, Bibi Yeom. Bibi huyu alifanya kazi miaka thelathini katika chama cha akiba na mikopo cha mji ule, na alijua nyumba nyingi zilivyoanguka kwa madeni.

"Mama Mi-ran, hiyo sahani imekukosea nini?"

"Niache, bibi."

"Nikuache uivunje? Sahani ya kanisa hiyo."

Geum-suk akamwambia yote. Bibi Yeom akazima bomba.

"Mumeo yuko wapi?"

"Yuko nje, anapigwa picha na wenzake."

"Mwache apigwe. Nitakuja kwenu jioni."

Jioni walikaa sakafuni, watatu, kuizunguka meza fupi. Jong-tae hakumtazama mkewe.

"Ningefanyaje?" alisema. "Bwana Bang, mzee mteule mwenzangu, alitoa wazo la piano mbele ya mchungaji. Akanisifu, eti mimi, Shemasi Pyo, ni mtu wa imani kubwa. Wote wakanitazama. Ningekataa, ningeitwa bahili."

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," Geum-suk alisema. "Wamekusifu dakika tano, umeuza nyumba."

"Sijauza nyumba. Mungu atatoa."

"Mungu ameshatoa," Bibi Yeom akaingilia. "Alitoa milioni kumi na tano. Mkeo akazitunza. Wewe ukazichota."

Jong-tae akasema polepole, "Lakini nimeahidi mbele za Mungu, bibi."

"Na huyu mkeo ulimwahidi mbele za nani?"

Geum-suk alikuwa amewaka hasira. Hakuwa na hasira na Mungu. Alikuwa na hasira na mume aliyemfanya mjinga, na hasira na watu wanaopiga makofi bila kuuliza pesa imetoka wapi.

"Nisikilize, mwanangu," Bibi Yeom alisema. "Kutoa ni kuzuri. Mimi mwenyewe natoa. Fungu la kumi mnatoa?"

"Kila mwezi."

"Vizuri. Maandiko yanasema sadaka hupokewa kwa kadiri ya alichonacho mtu. Asichonacho hakuna anayemdai. Na Bwana aliwakemea watu waliochukua mali ya kuwatunza wazazi wao, wakasema imewekwa wakfu. Unaona? Huwezi kumpa Mungu kitanda anacholalia mkeo."

Akaomba karatasi na kalamu.

"Pesa ikiingia, kaeni wawili. Tengeni sadaka yenu, kisha nyumba na chakula, kisha akiba. Mkibakiwa na ziada, ndiyo mnakubaliana mtoe nini zaidi. Mkubaliane, narudia. Na hapa kwenu kitabu cha benki na muhuri wa kutolea pesa viko pamoja, sivyo?"

"Kwenye droo moja," alisema Geum-suk.

"Vitenganisheni. Mmoja akae na kitabu, mwingine na muhuri. Hapo hakuna atakayetoa pesa kimyakimya. Lakini kwanza hizi zirudi. Ziko wapi?"

"Kwa Bwana Bang," alijibu Jong-tae. "Kesho asubuhi anazipeleka kwenye duka la piano."

"Basi ni leo."

"Bibi, sina uso wa kwenda."

Geum-suk akasimama, akavaa koti. "Nitakupeleka mimi. Uso utaukuta hukohuko."

Bwana Bang aliuza mashine za kilimo. Aliwakaribisha kwa furaha, na mkewe, Mama Ho-jun, akaanza kuwamenyea mapeasi. Jong-tae alisema alichokuja kusema, kwa kigugumizi. Furaha ya Bwana Bang ikaisha.

"Unanitania, Shemasi Pyo. Jina lako limeshachapishwa. Watu watasema nini?"

"Waseme," Geum-suk alijibu. "Nitawasikia nikiwa ndani ya nyumba yangu."

"Kwa imani haba hivi, mtu anakuwaje mzee wa kanisa?"

Mama Ho-jun akaweka kisu chini.

"Warudishie," alisema.

"Wewe usiingilie."

"Warudishie! Na uwaambie zako umezitoa wapi." Akamgeukia Geum-suk, macho mekundu. "Amekopa. Mashine haziuziki tangu mwaka jana. Amekopa kwa watu wa riba kali, ili awe wa kwanza kutoa. Kila alfajiri nasali kanisani atokee mtu mmoja akatae. Hata mmoja tu."

Bwana Bang aliinamisha kichwa. Kisha akachukua simu yake, akairudisha pesa ya Jong-tae palepale.

Kesho yake piano haikununuliwa. Bwana Bang aliwarudishia wakopeshaji pesa yao kabla riba haijazaa, na mzee wa tatu alipopata habari alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mchungaji aliwaita wote watatu na wake zao. Alikiri kwamba alijua desturi ile inaumiza watu, akanyamaza kwa sababu naye aliitaka piano. Geum-suk alimwambia wazi kwamba kunyamaza kwake kulikaribia kuwatoa nyumbani. Mchungaji hakujitetea. Tangu siku hiyo kanisa liliacha kuchapisha majina ya watoaji na kiasi walichotoa, na mzee mpya hadaiwi zawadi.

Amana ililipwa siku mbili kabla ya mwisho. Kitabu cha benki kilikaa kwa Jong-tae, muhuri kwa Geum-suk. Kila Ijumaa walikaa na karatasi. Ijumaa za kwanza waligombana. Baadaye wakawa wanakunywa chai kwanza.

Mwezi uliofuata wazee wateule waliwekwa wakfu. Walisimama mbele ya kanisa lote, na mchungaji akawauliza maswali ya kiapo, mmoja mmoja. Akafika kwa Jong-tae.

"Je, unaiongoza nyumba yako vema?"

Jong-tae aligeuka akamtafuta mkewe katikati ya watu. Kanisa zima likageuka naye. Geum-suk alimwacha asubiri kidogo, kwa sababu hasira zake hazikuwa zimeisha zote. Kisha akaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo," alisema Jong-tae. "Tangu mwezi uliopita."