Kiti cha Théophile

Shauri la Kusimama Bila Ruhusa kwa Kamyoneti ya Teritwari: hivyo ndivyo ofisi ya wilaya ilivyoliita. Polycarpe, dereva wa gari hilo dogo la mizigo, hakuwa na jina la kuliita. Alijua tu kwamba kila akienda Hombo, kwenye kona ile ya udongo mwekundu, moteri hukohoa kama mtu anayebisha hodi, kisha kimya.

Bwana ajenti, Mzungu wa ofisi hiyo, alishasafisha plagi na kubadili kabureta. Leo alifuata nyuma kwa gari lake mwenyewe, na moteri ilipozima akashuka kwenye ukungu, akafungua kifuniko cha tanki. Tanki likavuta pumzi ndefu. Harufu iliyotoka haikuwa ya esanse, yaani petroli; ilikuwa ya udongo uliochimbwa.

"Tundu la hewa la kifuniko limeziba," alisema ajenti, akalizibua kwa msumari. "Sasa imepona. Ukisimama tena kabla ya kufika Hombo, popote, ni fimbo na gereza."

Akarudi kwenye gari lake. Polycarpe akajaribu kuwasha. Haikuwaka.

Mwanamke mwenye kitunga cha mihogo mgongoni akasogea dirishani. Alikuwa Pétronille, mjane aliyeishi kwenye kona ile.

"Papa shofere, gari haina bugonjwa. Ni bwana yangu. Mulima ulimufunika tukichimba hii barabara, wakaipitisha juu yake. Anaomba mumufikishe kwa mama yake."

"Uniachie, mama. Mimi niko mukristu."

"Na yeye alibatizwa. Gari inawaka?"

Polycarpe akaondoa mkono kwenye ufunguo.

Pétronille akachuma jani la mgomba, akaligusisha chini, akaita, "Théophile, twende kwenu," akaliweka juu ya kiti kitupu. Yeye hakupanda: kanuni ya gari la ofisi ilikataza kubeba raia bila karatasi ya ruhusa. Wafu haikuwataja.

"Kisha kuvuka muto, nyumba ya kwanza. Mama yake, Sidonie, anangojaka pa mulango tangu ile siku. Usimame, yeye ndio atamuita ashuke. Usipomushusha kwao, atazani gari ndio nyumba yake."

Moteri ikawaka kabla Polycarpe hajagusa ufunguo.

Kiti kikabonyea. Wakavuka mto, na pumzi nzito ikaanza kusikika kando yake, na harufu ya udongo ikamjaa puani, na kikongwe akatokea mlangoni akiinua mikono, akilia "Mwanangu, shuka! Shuka, mwanangu!", na kitu baridi kama tope kikamshika Polycarpe goti na kulisukuma kuelekea breki, naye akatazama kiooni, akaiona kofia nyeupe ya bwana ajenti, akaiona fimbo, akakanyaga esanse mpaka sauti ya yule mama ikapotea nyuma msituni.

Huko Hombo alichomoa ufunguo. Moteri ikaendelea. Ajenti akakata waya wa betri. Ikaendelea.

"Hii ndio gari sasa!" alisema ajenti, akampigapiga Polycarpe begani.

Ofisini shauri likafungwa: kosa lilikuwa kifuniko cha tanki.

Kilichotokea ni hiki: Polycarpe hakusimama, na Théophile hakushuka.