Simu za Sandukuni

Mke wangu ni mpishi wa shule. Wakati wa ugonjwa ule wa kuambukizana, wafanyakazi wote waliwekewa programu kwenye simu. Simu yako ikikaa karibu na simu ya mgonjwa, inalia na kukutaka ujitenge nyumbani siku kumi.

Lakini shuleni kwao simu haziruhusiwi kazini. Kila asubuhi wanazitumbukiza kwenye sanduku moja ofisini.

Mara ya kwanza ilipolia, mke wangu alijifungia chumbani siku kumi. Baadaye tukajua mgonjwa ni mwalimu ambaye hata salamu hawakupeana. Simu zao ndizo zilizolala pamoja.

"Mama watoto," nikamwambia, "simu yako ndiyo ilipaswa kujitenga."

Mama yangu, mgonjwa wa kifua tuliyeishi naye, alicheka mpaka akakohoa.

Wiki tatu baadaye ikalia tena.

"Nibaki?" mke wangu akauliza.

"Kwa sababu ya sanduku? Nenda kazini. Watoto mia nne watakula nini?"

"Juzi nilikuwa stoo na mtunza stoo, tunapima maharage. Alikuwa anapiga chafya."

"Hilo vumbi la maharage."

Akaenda. Jioni akamnywesha mama uji na kumsugua mgongo, kama kawaida yake.

Kumbe safari hii mgonjwa alikuwa mtunza stoo. Siku ya sita mama akashikwa na homa. Baada ya wiki mbili tulimzika mimi na wanaume watano waliovaa glavu.

Jirani yetu muuguzi alikuja kutupima. Nikamwambia programu yao ni ya uongo.

"Shemeji, simu haijui wewe uko wapi. Inajua simu nyingine zilizo karibu nayo tu. Kabla ya kuiweka sandukuni, zima ufuatiliaji kwenye programu. Ukiichukua, washa."

"Na huko kazini nani atatuambia?"

"Shule. Mtu akiugua, wamuulize alikaa na nani, wawapigie hao. Na ukiambiwa ujitenge, jitenge kwanza. Maswali uliza ukiwa ndani. Wa kumruhusu mtu atoke ni kituo cha afya, si mumewe."

"Mngesema mapema."

"Tuliandika. Karatasi imebandikwa mlango wa ofisi tangu siku ya kwanza."

Kweli ilikuwepo. Niliiona nilipopeleka kuni shuleni. Ilikuwa na maneno mengi, nikaipita. Sikumwomba mtu anisomee.

Muuguzi alikwenda kwa mkuu wa shule. Sasa kila mtu anazima ufuatiliaji kabla ya sanduku. Mwalimu mmoja ana daftari la nani amefanya kazi na nani, na mtu akiugua, yeye ndiye anayewapigia simu wenzake.

Mwezi uliofuata alimpigia mke wangu. Msaidizi wake jikoni alikuwa ameugua. Mke wangu hakuniuliza. Aliingia chumba cha mama, maana kilikuwa kitupu, akafunga mlango na kufungua dirisha. Siku ya nne akaumwa. Nilimwekea chakula mlangoni mpaka akapona. Mimi na watoto hatukuugua, na jikoni hakuugua mwingine.

Mkuu wa shule akaniambia nyumba yetu ni ya kuigwa.

Nikamwomba anisomee ile karatasi ya mlangoni.