Supu ya Mama na Sufuria ya Dhahabu

Kila asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, Dorah aliwasha moto. Alipiga magoti mbele ya mafiga, akapuliza makaa ya jana hadi yakakubali, kisha akateleka uji katika sufuria ndogo. Baadaye alimwamsha Elvis, mdogo wake wa miaka sita, akamsukuma hadi kwenye beseni la maji.

"Maji ni baridi! Dorah, wewe ni mtu mbaya!" Elvis alipiga kelele, kama alivyofanya kila siku.

"Nawa uso. Hayo makamasi ni ya jana."

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Julai. Wingu zito lilikuwa limelalia vilima vya Migori, na baridi ilipenya kwenye kila tundu la mabati. Karibu na machimbo ya dhahabu ya Osiri, ambako Dorah aliishi na wazazi wake, mashine za kusaga mawe zilikuwa kimya. Wiki hiyo shimo moja lilikuwa limeporomoka na kumfunika Obare, mchimbaji aliyefanya kazi bega kwa bega na baba yao. Baba alikuwa ameisindikiza maiti hadi kwao Obare, karibu na Asumbi. Sufuria yao kubwa ilikwenda pia, maana matanga hukusanya sufuria za mtaa mzima.

Mama alipopata habari ya kifo hicho, uchungu wa kujifungua ulimshika kabla ya siku zake. Sasa alikuwa amerudi nyumbani kutoka zahanati, amelala, uso umempauka, na kifuani ana mtoto wa kike mdogo kupita kiasi. Mtoto alinyonya, akaachia ziwa, akalia. Kilio chake kilikuwa chembamba, hakikufika hata mlangoni.

"Maziwa hayashuki," Mama alisema kwa sauti ya chini. "Muuguzi ameniambia nile vizuri na ninywe vitu vya moto. Kufikia kesho yasipotoka, nimrudishe mtoto." Akamgeukia Dorah. "Nyathina, mwanangu, mchukue yule kuku mweupe. Nipikie supu. Uweke mboga nyingi."

Kuku mweupe ndiye aliyekuwa kuku wao wa pekee. Dorah hakubisha.

Jirani yao Mama Nyanchama, Mkisii aliyeuza mboga sokoni, ndiye aliyekuja kumchinja. Alimnyonyoa haraka, mikono yake mikubwa ikipaa na kushuka, kisha akaacha pale karoti, viazi, kipande cha malenge, nyanya, kitunguu na fungu la dania.

"Karoti zimekunjamana kama shingo yangu, lakini ndani ni nzuri," alisema. "Acha nikimbilie soko. Nikirudi nitakuja kumwona mgonjwa. Dorah, wewe ni mtu mzima sasa. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, Mama Nyanchama."

Dorah alimkatakata kuku. Firigisi, shingo na kipande cha mgongo aliviweka kando katika bakuli lenye kifuniko, kwa sababu hiyo ni sehemu ya baba katika kila nyumba aliyoijua. Vipande vilivyobaki vilikuwa vingi. Alivipanga katika sufuria ndogo, akavisukuma, akavigeuza. Mapaja mawili yalibaki nje, na mboga hazikuwa zimeingia bado.

"Huyu kuku ana miguu ya polisi," Elvis alisema, akichungulia.

"Nyamaza."

"Si utafute sufuria nyingine?"

Sufuria nyingine? Majirani wengi walikuwa wamezitoa kwa matanga. Aliyebaki na sufuria ni Mama Bogonko, na huyo alikuwa mwanamke wa maswali mia kabla hajakupa hata chumvi. Ndani, mtoto alilia tena. Dorah aligeuka, macho yake yakaangukia nyuma ya nyumba. Pale kwenye msumari ilining'inia sufuria waliyoiita sufuria ya dhahabu.

Haikuwa ya dhahabu. Ilikuwa sufuria ya kawaida ambayo Mama aliitumia kazini. Ndani yake alichanganya mchanga wa mawe yaliyosagwa na zebaki, yale majimaji mazito yanayong'aa kama kioo, ambayo hunasa chembe za dhahabu. Mama alikuwa ameweka sheria moja tu kuhusu sufuria hiyo, na aliirudia mara kwa mara: "Hiyo haikanyagi jikoni. Hata mkifa njaa."

Dorah aliishusha. Akaisugua kwa majivu, akaisugua kwa mchanga, akaisugua kwa waya wa kusugulia vyombo hadi vidole vikamuuma. Iling'aa kuliko chombo chochote nyumbani mwao. Kitu kilichong'aa hivyo, alijiambia, kinaweza kuwa na uchafu gani?

"Mama alisema—" Elvis alianza.

"Nimeiosha! Huoni?"

"Lakini Mama alisema—"

"Elvis, sikiliza. Ukinyamaza, wewe utakuwa wa kwanza kuonja. Ukisema, utakula ugali mtupu."

Elvis alifikiri kidogo. Akafunga mdomo.

Supu ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoumiza zaidi baadaye. Malenge yaliyeyuka, mchuzi ukawa wa rangi ya jua ambalo halikuwa limeonekana tangu Jumatatu. Karoti ziliogelea juu, dania ikatoa harufu iliyowafanya watu wa njiani wageuze vichwa. Dorah alimpa Elvis kiazi kimoja kama alivyoahidi. Elvis akaomba cha pili, akapewa. Kisha Dorah akamimina supu katika bakuli kubwa, akaificha sufuria chini ya gunia.

Mama Nyanchama alirudi akitetemeka kwa baridi, leso mbili mabegani.

"Wee Dorah! Harufu hii nimeisikia nikiwa kule kwa kinyozi," alisema. Alitazama huku na huku. "Umepika na nini? Sufuria yenu si ilienda Asumbi?"

Dorah alitazama chini. "Niliazima. Kwa Mama Bogonko."

"Mama Bogonko amempa mtu sufuria? Leo mbingu zimefunguka." Mama Nyanchama alicheka peke yake, akachota supu kikombe kimoja, akaingia ndani. Dorah alimfuata.

Mama alisaidiwa kuketi. Alikishika kikombe kwa mikono miwili ili kimpe joto kwanza. Mvuke ulimpanda usoni, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nyumbani alitabasamu. Akamtazama mtoto aliyelala mapajani mwake.

"Mwanangu, vumilia," alimwambia. "Nikinywa mimi, nawe umekunywa."

Dorah alisikia maneno hayo. *Nawe umekunywa.* Aliona kikombe kikipanda. Aliona midomo ya Mama ikifunguka.

"Mama, usinywe!"

Kikombe kilisimama.

"Usinywe. Nimepika na ile ya nyuma. Sufuria ya dhahabu."

Mama alikiweka kikombe chini polepole, mbali na mtoto. Mkono wake ulitetemeka.

"Ulisema ni ya Mama Bogonko!" Mama Nyanchama alipaza sauti.

"Nilidanganya."

"Umekunywa wewe?"

"Hapana."

"Nani ameonja?"

Sauti ndogo ikatoka mlangoni. "Mimi," Elvis alisema. "Kiazi kimoja." Alitazama vidole vyake. "Viwili. Na supu kidogo, ya kushushia."

Hapo ndipo Mama alipolia. Hakumpiga Dorah wala hakumtukana. Alilia tu, akimvuta Elvis kwa mkono mmoja na kumshika mtoto kwa mwingine. Dorah angependa kuchapwa kuliko kuyaona yale.

Mama Nyanchama hakusubiri. Alifungua mlango na madirisha yote ya jikoni ili mvuke utoke. Alichimba shimo mbali na kisima, akaizika supu yote, nyama na mboga, huku mbwa wa jirani akisimama pembeni na kulalamika. Sufuria ya dhahabu aliifunga ndani ya gunia. Akamwita mwenye bodaboda, akampakata Elvis, wakaenda zahanati.

Dorah alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Alikaa chini kando ya kitanda. Mtoto aliendelea kulia kile kilio chake chembamba.

"Mama, atakufa?"

"Nani?"

Dorah hakujua amtaje nani. Mama alimhamishia mtoto ziwa la pili.

Walirudi baada ya saa nyingi. Elvis alikuwa amebeba biskuti na alionekana amechoka, lakini alikuwa yeye yuleyule.

"Daktari amempima," Mama Nyanchama alisema, akiketi kwa kishindo. "Anasema ni vizuri alikula kidogo na tulienda mapema. Turudi Jumatatu amwangalie tena. Amesema zebaki haina ladha, haina harufu ya kukuonya. Majivu hayaiondoi, mchanga hauiondoi, na ikipata moto inapanda na mvuke hadi kwenye pua. Haiui siku hiyohiyo. Inakaa mwilini, inakula akili, inaanza kutetemesha mikono. Na kwa mtoto mchanga..." Alimtazama Mama.

Mama aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Sasa huyu mzazi atakula nini?" Mama Nyanchama aliuliza.

"Kuku amekwisha," Dorah alisema. Kisha akakumbuka. "Imebaki sehemu ya Baba. Firigisi, shingo na mgongo. Hiyo haikuingia kwenye sufuria. Niliikata kabla."

"Ilete!"

"Hapana," Mama alisema haraka. "Firigisi ni ya baba yao. Tangu nizaliwe sijawahi kuila. Mama yangu pia hakuila."

"Mama Dorah, nisikilize. Baba yao yuko matangani, anakula ng'ombe. Wewe utamnyonyesha mtoto nini? Heshima?"

Mama alitaka kukasirika, lakini kicheko kidogo kikamponyoka, kikageuka kikohozi. Alifuta macho. "Pika, Dorah," alisema.

Safari hii Dorah alitumia sufuria ndogo. Mama Nyanchama alisimama nyuma yake na kumwonyesha: nyama kwanza, ichemke hadi ilainike, kisha karoti moja, kiazi kimoja, na malenge yaliyosalia.

"Hata kuku mzima angepikika humu," alisema. "Ungepika nusu, ukaipua, ukapika nusu ya pili. Sufuria ndogo haikatai kuku, mama. Inakataa haraka."

Supu ilikuwa kidogo, kikombe kimoja na nusu. Mama aliinywa yote, akatafuna firigisi macho ameyafumba, kama mtu anayevuka mto asioujua. Maziwa hayakushuka hapo hapo. Jioni Mama Nyanchama alileta uji wa wimbi, na asubuhi iliyofuata mayai mawili. Jumapili, watu walipokuwa wakirudi kutoka kanisani, mtoto alinyonya, akaachia ziwa. Kisha akalirudia, akanyonya tena, koo lake dogo likipanda na kushuka, hadi usingizi ukamchukua.

Jumatatu Mama na Mama Nyanchama walimpeleka Elvis, akapimwa tena, akaambiwa yu salama. Waliporudi nyumbani, Mama alimwita Dorah kitandani.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Niliitundika sumu mahali mtoto anaweza kufika, nikadhani sheria inatosha. Tena mimi mwenyewe niliishika zebaki kwa mikono mitupu huku mimba imekua. Nimemuuliza daktari kama ndiyo sababu mdogo wako ni mdogo hivi. Hakusema ndiyo, hakusema la. Nitaishi na swali hilo. Lakini zebaki haitakaa tena katika boma hili."

"Tutakula nini, Mama?"

"Bado sijui. Baba yenu akirudi tutakaa chini tuzungumze." Mama alimshika kidevu. "Sasa la kwako. Ulitaka kunisaidia, najua. Ila uliivunja sheria, ukamhonga mdogo wako anyamaze, kisha ukamdanganya mtu mzima. Umeona jinsi uongo mmoja ulivyozaa mwingine? Mwenye kusema uongo hufikiri ni maneno tu, kumbe unaweza kuingia katika kikombe cha mtu mwingine. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado ni dogo. Kuchapwa kunapoa. Sumu haipoi."

"Nisamehe, Mama."

"Ulisema kweli kabla sijameza. Kwa hilo nakushukuru." Mama alisogea, akamwinua mtoto kutoka kifuani. "Haya, mshike. Nataka kulala kidogo."

Dorah alirudi nyuma hatua moja. "Mimi?"

"Wewe. Nani mwingine?"

Dorah alikwenda kwanza kunawa mikono.